Kwa nini pakanga imo kidongeni na mwarobaini bado uko sufuriani

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni binti wa Muheza, Tanga, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Tulipokuwa wadogo, tukipata homa bibi alituchemshia majani ya mwarobaini. Tulikunywa huku tumebana pua, na siku ya tatu tuko nje tunacheza rede. Shuleni nikafundishwa kwamba dawa mseto ya malaria imetokana na mmea wa Kichina. Kwa nini mmea wa Wachina umekuwa kidonge na mwarobaini wa bibi bado ni majani? Wataalamu wetu wamelala, au makampuni yanaficha? Na mtu kama mimi nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni matatu. Nitakaa sana kwenye la kwanza kwa kuwa ndilo lililonizeesha maabara. Mengine mawili majibu yake ni mafupi.

Nianze kwa kumtetea bibi. Mwarobaini kweli una kemikali zinazoua vimelea vya malaria. Mojawapo ni gedunini, ya kundi la limonoidi, ndugu wa zile zinazolifanya jani liwe chungu vile. Ukiitenga ikawa safi, ukaidondoshea kwenye kisahani chenye damu iliyoambukizwa, vimelea vinakufa. Hilo limepimwa zaidi ya mara moja wala halina ubishi. Ubishi unaanza pale mtu anapochukua habari ya kisahani akaiandika kama habari ya mgonjwa.

Maana kuna mambo mawili ambayo kisahani hakikuulizi. La kwanza ni kiasi. Artemisinini, kemikali iliyotoka kwenye ule mmea wa Kichina, yaani pakanga ya Kichina, inaua kwa kiasi kidogo ajabu: nanogramu chache tu katika mililita moja, na nanogramu ni gramu iliyogawanywa mara bilioni. Gedunini inataka mara nyingi zaidi ya hapo. La pili ni njia. Kwenye kisahani unaimwagia kemikali juu ya kimelea pale alipo. Mwilini inabidi ipite tumboni, ipenye utumbo, kisha kabla haijafika popote ipelekwe kwenye ini, na ini ni askari wa getini asiyejali umekuja na zawadi gani: anakagua, anavunja, anatupa nje. Gedunini ilipopewa panya wenye malaria ilipunguza vimelea kwa sehemu tu. Watafiti walipoiongezea kemikali nyingine inayolizubaisha ini, matokeo yakawa mazuri zaidi, lakini bado si ya kumwokoa mtoto aliyezidiwa.

Hapo hatujafika jikoni bado. Limonoidi hazipendi maji. Unaweza kuchemsha majani mpaka maji yawe rangi ya chai ya mkandaa na sehemu kubwa ya gedunini ikabaki kwenye makapi unayoyatupa. Kilichokuwa kikiwabanisha pua ni uchungu, na ulimi wa binadamu huutambua uchungu kwa kiasi ambacho kimelea hata hakisikii.

"Sasa mbona tulipona?" Swali hilo mama yangu mzazi aliwahi kuniuliza kwa hasira. Si kila homa ni malaria; homa nyingi za watoto ni za virusi, na siku ya tatu zinaondoka zenyewe, unywe usinywe. Tena Muheza ilisifika kwa malaria kali. Mtoto aliyekulia hapo akivuka miaka ya mwanzo, mwili wake unakuwa umeshafundishwa na mbu namna ya kupambana, akiugua haugui kama mgeni kutoka Njombe. Waliovuka ndio nyinyi mliocheza rede. Wasiovuka hawaandiki barua.

Sasa tuje kwa Wachina. Watu wengi husimulia habari hii kana kwamba waliokota jani njiani wakapata kidonge.

Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri ulioitwa 523, kwa kufuata tarehe hiyo. Askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wakiangushwa na malaria msituni, na klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mwaka 1969 mtafiti wa Beijing, Bi. Tu Youyou, akaingizwa kwenye kazi hiyo. Yeye na wenzake walipitia maelekezo zaidi ya 2,000 ya dawa za kienyeji, wakabakiwa na 640 yenye dalili ya kufaa. Wakatengeneza michujo zaidi ya 380 kutoka kwenye mimea kama 200 na kuijaribu kwa panya. Mmoja wapo ulikuwa qinghao, ndugu wa pakanga, ile ile iliyotajwa kwenye Biblia kwa uchungu wake. Jaribio la kwanza lilizuia vimelea kwa asilimia 68. Wakarudia, ikawa 40. Wakarudia tena, ikawa 12. Ingekuwa mimi, pengine ningeutupa.

Bi. Tu akarudi kwenye vitabu. Katika kitabu cha mganga Ge Hong wa karne ya 4 akakuta maelekezo ya sentensi moja: chukua konzi ya qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa maji yake yote. Hakuna moto hapo. Waganga wengine walichemsha, huyu alikamua. Akajiuliza kama moto ndio uliokuwa ukiua dawa, akaacha kuchemsha na akaanza kutumia etha, kiyeyusho kinachochemka kwenye nyuzijoto 35 hivi, chini ya joto la mwili wako. Tarehe 4 Oktoba 1971 mchujo namba 191 ulisafisha panya wote, bila kimelea hata kimoja. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili waliumeza wenyewe kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa kisiwani Hainan. Baadaye mwaka huo huo wakapata fuwele safi za kemikali yenyewe. Nobeli ilimfika 2015.

Rudi pale kwenye kukamua. Ge Hong ndiye bibi yao, na kilichowaokoa hakikuwa jina la mmea tu, maana jina walikuwa nalo tangu mwanzo na likawapa asilimia 12. Walichokuwa hawajakisoma vizuri ni namna ya kuandaa.

Na kemikali waliyoipata ilikuwa ya ajabu kweli. Katikati ya artemisinini kuna oksijeni mbili zilizoshikana, kitu ambacho mkemia akikiona anasogea nyuma kidogo, kwa sababu ni kama baruti. Kimelea cha malaria kinaishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na chakula chake ni hemoglobini. Akiitafuna, madini ya chuma yanabaki huru. Chuma hicho kikikutana na zile oksijeni mbili, kifungo kinakatika na kemikali inalipuka kuwa vipande vikali vinavyounguza kila protini iliyo jirani. Kimelea anajiwashia moto kwa mabaki ya chakula chake mwenyewe. Chembe isiyo na kimelea haina chuma kilichoachwa huru namna hiyo, ndiyo maana dawa inaua kimelea na kumwacha mgonjwa.

Hata hivyo kidonge ulichowahi kumeza hakina artemisinini ile ya jani. Haiyeyuki vizuri kwenye maji wala kwenye mafuta, basi wakemia waliibadilisha kidogo: wakapata artemeta inayokubali mafuta na artesuneti inayoweza kuchomwa sindano. Artemeta inaua haraka lakini haikai, baada ya saa chache imekwisha kwenye damu. Kwa hiyo imeunganishwa na lumefantrini, ambayo imetengenezwa maabara na hukaa siku kadhaa ikimalizia mabaki. Ndiyo ALu, dawa mseto tuliyoanza kuitumia Tanzania mwishoni mwa 2006. Ukipewa, inywe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, maana lumefantrini bila mafuta inapita tu.

Utaniuliza, basi kwa nini nisipande pakanga ya Kichina uani, nikatengeneza chai? Watu wanafanya, na wengine wanauza. Mmea wenyewe unastawi kwetu. Arusha na nyanda za juu za Kenya wakulima walilimishwa kwa mashamba, majani yakakamuliwa kiwandani Athi River. Kilo moja ya majani makavu ya mbegu bora hutoa artemisinini gramu 5 hadi 10. Bei iliruka kufikia kama dola 1,000 kwa kilo ya artemisinini katikati ya miaka ya 2000, kila mtu akalima, ikaanguka karibu na dola 200. Waliong'oa mahindi kupanda pakanga wanaikumbuka vizuri hiyo misimu.

Turudi kwenye chai. Waliipima kwa makini: gramu 9 za majani katika lita moja ya maji hutoa miligramu 94 hivi za artemisinini, kama moja ya tano ya dozi ya siku. Utafiti uliofanywa Kongo na kuchapishwa 2004 ulilinganisha chai hiyo na kwinini kwa wagonjwa 132. Siku ya saba karibu robo tatu ya wanywaji chai walikuwa wamepona, na ndipo sifa ya chai inapotoka. Lakini kabla mwezi haujaisha wengi wao walirudiwa na ugonjwa. Dozi pungufu ni ukarimu kwa kimelea: inaua wanyonge na kuwaacha wabishi wazaliane. Tayari vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa hizi vimeripotiwa Rwanda, Uganda na hata mkoani kwetu Kagera. Halafu kuna jambo linaloniudhi kuliko yote, kuuziwa watu pakanga ya milimani, ile ya kienyeji, kwa jina hilo hilo. Yetu ni mmea mwingine, na artemisinini haina, au ina chembe zisizofaa kitu.

Kwa vile wewe ni wa Muheza, nikupe hadithi ya nyumbani. Panda milima ya Usambara mpaka Amani. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti pale mwaka 1902, wakapanda miti mingi ya kigeni, mikwinini ikiwemo, ambayo asili yake ni milima ya Andes. Kemikali ya gome lake, kwinini, ilitengwa na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, mwaka 1820. Vita vya Kwanza vilipokuja na Waingereza wakafunga bahari, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walitibiwa kwa kwinini iliyopikwa Amani. Walipofukuzwa kutoka huko wakawa wanachemsha magome wanakunywa maji yake, kinywaji kichungu ambacho askari walikibatiza jina la bosi wao.

Karibu miaka mia baadaye, mmea ulishindana na mmea wilayani kwako. Hospitali ya Teule, Muheza, ilikuwa moja ya vituo vya jaribio kubwa lililohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Nusu walipewa kwinini ya gome la Andes, nusu artesuneti ya jani la China. Matokeo yalichapishwa 2010: waliokufa kwa kwinini walikuwa asilimia 10.9, kwa artesuneti 8.5. Tofauti hiyo, kwa macho ya mtu wa mtaani, ni ndogo. Kwa wodi iliyojaa ni mtoto mmoja na zaidi katika kila hamsini. Ndiyo sababu leo mtoto akizidiwa anachomwa artesuneti. Kwinini ilitumika zaidi ya karne tatu, tangu enzi za kusaga gome, ikaondolewa kwenye nafasi ya kwanza kwa hesabu ya namna hiyo.

Mwarobaini haujawahi kufika kwenye shindano kama hilo, kwa sababu unaishia njiani, pale kwa panya. Na si wenyewe tu. Nikusimulie aibu yangu. Nikiwa mwanafunzi wa uzamili mzee mmoja wa milima ya Lushoto alinipa mizizi anayotumia kwa homa. Nikaianika kivulini, nikaisaga, nikailoweka kwenye methanoli siku tatu, nikakausha kwa mashine ya kuzungushia chupa mpaka nikabaki na kitu kama lami ya njano. Kwenye kisahani kiliua vimelea vizuri mno, sikulala usiku ule. Nikaanza kukigawa. Unamimina mchujo kwenye bomba la kioo lililojaa unga wa silika, unausukuma kwa viyeyusho tofauti, unapokea vichupa themanini. Kila kichupa unakidondoshea tone kwenye kibao chembamba na kukitazama chini ya taa ya urujuanimno, vidoa vinawaka kama macho ya paka. Kichupa kinachoua unakigawa tena, na tena. Miezi kumi na minne. Mwisho nikapata unga wa njano safi, nikaupeleka kwenye vipimo. Msimamizi wangu akatazama karatasi, akatazama unga, akaniambia, "Kijana, hii ni berberini." Kemikali inayojulikana tangu karne ya 19, inaua vizuri kwenye kisahani na utumbo hauipokei. Rangi ile peke yake ingetosha kunishtua. Siku hizi kipimo cha uzito wa molekuli kinakuambia kwa saa moja kwamba unachokitafuta kilishapatikana, na vijana wangu hawajui jinsi walivyobahatika.

Hivyo wataalamu hawajalala, swali lako la pili. Muhimbili kuna kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974, ambacho sasa ni taasisi kamili, na Kenya wana kituo chao ndani ya KEMRI, taasisi yao ya utafiti wa tiba. Kinachokosekana ni mwendo mrefu baada ya kisahani: panya, sumu, watu wachache wenye afya, wagonjwa mamia. Kila hatua ni miaka na fedha ambazo hakuna ruzuku ya miaka miwili inayozifikia. Na makampuni hayafichi, ni kwamba hayana hamu. Mgonjwa wa malaria hana pesa. Penye pesa utayaona. Kampuni ya Marekani, W. R. Grace, pamoja na wizara ya kilimo ya nchi hiyo walipewa hataza ya Ulaya, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, mwaka 1994 juu ya mafuta ya mwarobaini ya kuzuia kuvu. Wahindi wakapinga kwamba wakulima wao wanajua hilo tangu zamani. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa 2005. Kwa hiyo mwarobaini umeshatoka sufuriani, ila umeelekea shambani: azadiraktini yake inavuruga wadudu wasiweze kujibadili ngozi, nayo inauzwa kama dawa ya kuulia wadudu wa mimea duniani kote. Kwa binadamu tahadhari. Mafuta ya mbegu zake usimpe mtoto mchanga hata tone. Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari waliandika juu ya watoto waliopata degedege na kuharibika ini baada ya kunyweshwa.

Wakati mwingine pia mganga anakuwa sahihi kuhusu mmea na si kuhusu ugonjwa. Kuna ua la bustanini la petali tano, la waridi au jeupe, asili yake Madagaska. Lilitumiwa kwa kisukari. Wakanada walilijaribu miaka ya 1950, sukari ya panya haikushuka, ila chembe nyeupe za damu zikaporomoka. Mtu mwingine angefunga daftari. Wao walijiuliza: kama linaangusha chembe nyeupe, je, saratani ya damu? Zikapatikana vinblastini na vinkristini, na hiyo ya pili bado inachomwa watoto wenye saratani ya damu, nchini kwetu pia. Tani nzima ya majani makavu hutoa gramu chache tu.

Sasa wewe. Soma kemia au famasia, lakini kabla hujafungua chuo, kaa na bibi mkiwa na daftari. Usimuulize "unatumia mti gani", hilo tunalo. Muulize jani changa au kuukuu, linachumwa asubuhi au jioni, mvua imenyesha au kiangazi, linalowekwa au linachemshwa, kwa muda gani, anaongeza nini, anampa nani na nani hampi kabisa. Hiyo ya mwisho iandike kwa wino mwekundu, kwa kuwa bibi asiyempa mjamzito dawa fulani amekwisha kukufanyia nusu ya kipimo cha sumu. Kila mmea chuma tawi lenye ua au tunda, libane katikati ya magazeti, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke, andika tarehe na mahali. Likikauka lilete hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitambue kwa jina lake la kisayansi, usije ukanifuata na mizizi ya njano.

Na akipata homa mdogo wako, kwanza zahanati, achomwe kidole, kipimo ni dakika kama kumi na tano. Mwarobaini wa bibi, kama lazima anywe kidogo kumfurahisha, usubiri majibu.